Shireen hakuwa mgonjwa



Leo hatuandiki singo wala vitambaa. Tunaandika habari za mtoto wa kike ambaye hajapata kuzaliwa, wa nchi ambayo haipo, aliyepatwa na maradhi ambayo hakuna hospitali iliyowahi kuyaona. Tustahimilieni.

Juzi juzi tulikwenda nyumba moja kumtia hina bi harusi. Jioni hiyo watu wa upande wa mume walikuwa wanaleta begi, basi sebule imejaa, udi unafuka, watoto wanapishana na sahani za visheti. Tulikuwa tunatafuta pahala pa kuchomeka feni ili hina ikauke upesi. Tukaambiwa twende chumba cha nyuma, ila tusishangae, yumo mdogo wake bi harusi, hajisikii vizuri. Tulimkuta msichana wa miaka 16 hivi, kakaa kitandani na simu yake, mzima kama sisi. Usoni ana mbalanga: baka jeupe limezunguka mdomo na jengine liko juu ya jicho. Hana homa, hana kikohozi. Kafichwa.

Alikuwa anaangalia tamthilia. Tukamuuliza, nini hiyo? Akasema, "Namuangalia Shireen, dada. Mnamjua?" Hatumjui. Akatugeuzia simu. Mtoto wa kizungu, amevaa nguo za kizamani, shavu moja limekauka na kupasuka kama gome la mti. "Huyu kapona zamani," akatwambia, "lakini mama yake hamtoi nje." Akacheka kidogo, akarudi kwenye simu yake. Tukachukua waya mrefu, tukapitisha mlangoni, tukarudi sebuleni kumaliza mikono ya dada yake. Wala hatukumwambia mtu neno.

Kuondoka pale tuliondoka na bahasha yetu na shukurani nyingi. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza mpaka tulipofika.

Tangu siku ile tumemtafuta Shireen. Mmoja wetu amevisoma vitabu, mwengine ameiangalia tamthilia kwa kurukaruka. Tuseme wazi hapa: hiyo Game of Thrones imejaa mambo ambayo mtu anayejiheshimu hataki kuyaona mbele ya wanawe, na hatumshauri mtu aianze kwa sababu yetu. Lakini hadithi ya mtoto huyu tumeona tuisimulie, maana yule msichana wa chumba cha nyuma aliifahamu vizuri kuliko sisi, na aliifahamu kwa sababu ni yake.

Basi iko hivi. Mwandishi wa Kimarekani, George R. R. Martin, alianza mwaka 1996 kutoa vitabu vya ulimwengu aliouzua mwenyewe, wenye wafalme, ngome, mapanga na mazimwi wanaotema moto. Tamthilia yake ilionyeshwa kuanzia 2011 mpaka 2019. Katika ulimwengu huo kuna maradhi yanayoitwa greyscale. Sisi tutayaita magamba ya kijivu. Yanaanza kwa ganzi kwenye ncha za vidole. Halafu ngozi inakuwa ngumu, inageuka rangi ya jivu, inapasuka kama jiwe lililopigwa jua. Yanapanda taratibu, yanaingia ndani, na mwisho yanakula akili. Aliyefika hapo haitwi tena mtu, anaitwa mtu wa mawe, na anapelekwa mbali kwenye magofu akamalizike na wenzake. Yanaambukiza kwa kugusana. Waganga wa huko wana ndimu na maji ya moto yanayobabua, makuhani wao wana sala na kufunga, na hakuna mwenye hakika na dawa yake.

Na asili yake si ya kawaida. Wanahadithia kwamba zamani palikuwa na mwana wa mfalme anaitwa Garin, watu wake wanaishi kandokando ya mto mkubwa. Maadui wenye mazimwi wakawashinda, wakamtia yeye ndani ya kizimba cha dhahabu na kumtundika aone watu wake wanavyofanywa watumwa. Garin akauita mto. Usiku ule mto ukapanda, ukawazamisha washindi wote, na ukungu uliotanda pale haujaondoka mpaka leo. Ndani ya ukungu huo ndimo watu wa mawe wanamoishi, na watu wa huko wanayaita maradhi yale laana ya Garin.

Lishikeni hilo neno laana, tutalirudia.

Sasa Shireen. Ni mtoto wa pekee wa bwana mkubwa anaitwa Stannis na mkewe Selyse, na nyumba yao ni kisiwa, kinaitwa Dragonstone. Mtoto wa kisiwa, kama sisi. Na kama ilivyo kwa kisiwa chochote, mazuri na mabaya yanakuja na chombo. Katika tamthilia, siku moja aliteremka mfanyabiashara bandarini, kamletea mtoto mchanga mwanasesere wa mbao aliyevishwa rangi za ukoo wao. Baba akamnunua. Mtoto akamkumbatia mwanasesere shavuni, kama watoto wote wanavyofanya, na maradhi yakaingilia hapo hapo shavuni.

Watu wakamwambia Stannis ampeleke mtoto kwa watu wa mawe kabla hajawamaliza wote. Akakataa. Akaita kila tabibu, kila mganga, kila mchanganya dawa aliyesikia jina lake. Hawakuyaondoa magamba, lakini waliyasimamisha. Mtoto akaishi. Magamba yakabaki shavuni na shingoni, makavu, yasiyokwenda mbele wala nyuma, na yasiyomwambukiza mtu. Matabibu wa huko wamesema hivyo. Yaliyobaki ni kovu tu.

Baba huyo tunampenda kwa hilo. Tungependa tuishie hapo.

Lakini angalieni maisha aliyopewa baada ya kupona. Anawekwa ndani ya mnara na vitabu. Hana rafiki wa rika lake. Rafiki yake mkubwa ni Davos, mtu mzima aliyekuwa mfanya magendo baharini, hajui kusoma. Na Davos anapofungwa gerezani, mtoto huyu anateremka ngazi kwa siri usiku na kitabu mkononi kwenda kumfundisha herufi. Mama yake ndiye anayetia uchungu zaidi. Selyse alizaa watoto wa kiume, wote wakatoka wameshakufa, na katika tamthilia amewaweka ndani ya chupa za kioo chumbani kwake, anawatazama na kuwasemesha. Watoto waliokufa wamewekwa mbele ya macho. Mtoto aliye hai kafungiwa mlango.

Tuliposoma na kuona hayo tulijiuliza mbona tunamchukia sana huyu mama. Pengine kwa sababu tumeshamuona. Si mwenye chupa, la. Tumemuona mama mwenye picha kubwa za harusi za binti wawili ukutani, na ukihesabu watoto wake unafika watatu.

Vitabuni kuna mwanamke mwengine, Val, mtu wa kaskazini kwenye baridi na barafu. Akimuona Shireen anaingiwa na hofu. Anasema mtoto huyu si safi, maradhi yamelala tu na yataamka, na kwao mtoto kama huyu angeshamalizwa zamani kwa huruma. Anaambiwa matabibu wamesema hana hatari. Anasema hao matabibu hawajui. Mwandishi hajatwambia nani kasema kweli, na kitabu cha sita bado hakijatoka, kwa hivyo wasomaji wanaendelea kubishana. Hatutaki kuwadanganya kwamba hadithi imelikata suala hili. Hata hivyo, tukimsikiliza Val tunaisikia sauti tunayoijua: ya mtu ambaye hajapata kumgusa mtoto yule, hajakaa naye hata saa moja, na ana yakini kuliko waliomtibu.

Kisha yanakuja yale ya mwaka 2015. Katika tamthilia (vitabuni Shireen bado yu hai) Stannis amekwama na jeshi lake kwenye theluji. Farasi wanakufa, chakula kimechomwa moto. Yuko kuhani mwanamke anayemshauri, anamwambia mungu wake wa moto anataka damu ya kifalme. Stannis anamwendea binti yake hemani. Mtoto anamuona baba ana dhiki, anamwambia atamsaidia kwa lolote lile, anataka kumsaidia. Hajui anachokubali. Wanamtoa nje, kumeshapangwa kuni. Anamwita baba yake, anamwita mama yake. Na hapo, wakati wa mwisho kabisa, yule Selyse aliyemfungia miaka yote ndiye anayekimbia kwenda kumwokoa mwanawe, askari wanamzuia. Baba amesimama anatazama. Asubuhi ya pili theluji imeyeyuka kweli, na karibu nusu ya jeshi imeshakimbia.

Maradhi yaliyoua maelfu hayakumuua Shireen. Aliwashinda akiwa mchanga hajui hata kuzungumza. Waliomuua walikuwa wazima.

Na hapa ndipo tunapotaka kusema letu. Tunaona Stannis hakubadilika ghafla, ingawa watazamaji wengi walilia kwamba wamegeuziwa mtu. Mtoto aliyefichwa miaka kumi na zaidi anakuwa ameshatolewa kwenye hesabu ya nyumba. Hayumo kwenye karamu, hayumo kwenye picha, hayumo kwenye mazungumzo ya nani ataolewa na nani. Ikifika siku nyumba inatafuta kitu cha kutoa, mkono unakwenda kwake wenyewe. Na yeye mwenyewe, aliyezoeshwa kujiona mzigo, akiombwa lolote atasema ndiyo, atashukuru hata kwamba ameombwa.

Huku kwetu hatuchomi watoto, alhamdulillah. Lakini mabi harusi wangapi tumewapamba ambao tulijua, na kila mtu ukumbini alijua, kwamba binti yule ana umri wa mkwewe wa kike kuwa dada yake, kaolewa na mzee mwenye wake tayari, kwa sababu mguu wake una kovu la moto au uso wake una mabaka? Anaambiwa ashukuru kapata stara. Na yeye anashukuru. Kakaa kwenye kiti cha bi harusi anatabasamu, sisi tunamtengeneza ushungi, na tunasifiana jinsi poda ilivyokaa. Mwanamke aliyepewa mume kama sadaka hana pa kusimama akidhulumiwa. Kila akilalamika anakumbushwa uso wake.

Waswahili tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali tunayo, ila tunaitumia upande usio wake. Kovu si maradhi. Anayefaa kuambiwa methali hii katika hadithi yumo, na si Shireen.

Ni Jon Connington. Huyu yumo vitabuni tu, kwenye kitabu cha tano kilichotoka 2011. Ni bwana shujaa, mwenye heshima, anayemlea kijana anayeamini ni mrithi wa ufalme. Wanapita na mashua kwenye ule ukungu wa Garin, watu wa mawe wanawashambulia, mwenzao Tyrion anazama mtoni. Connington anajitosa kumwokoa. Tyrion anatoka salama, na siku nyingi baadaye anaendelea kujichoma vidole kila siku kuangalia kama bado vinahisi. Connington naye anaona kucha moja imegeuka rangi. Anajua ni nini. Anavaa glavu.

Anapiga hesabu: maradhi haya yanakwenda taratibu, nina mwaka, pengine miwili au zaidi, yatosha kumkalisha kijana wangu kwenye kiti. Anaosha mkono kwa mvinyo, kwa sababu akiomba siki watu watashtuka. Na kwa glavu ile anakula na watu, anapanga vita, anaishi katikati ya jeshi la watu elfu kumi. Hakuna anayemnyooshea kidole. Hakuna anayesema si safi. Ni bwana mzuri wa sura, mwenye cheo, na glavu ni vazi la heshima.

Tamthilia iliyachukua maradhi haya ikampa mtu mwengine, Jorah. Naye mwanzo anaficha chini ya mkono wa nguo. Lakini inafika siku anamwambia malkia wake asimsogelee, anafunua mkono, anamuonyesha. Malkia hamfukuzi kwa laana. Anamwamuru akatafute dawa arudi. Jorah anakwenda mpaka kwenye chuo cha matabibu, mkuu wao anakata tamaa naye, ila mwanafunzi mmoja anaitwa Samwell anasoma njia ya zamani na kuijaribu usiku kwa siri: anaichuna ngozi iliyokufa kipande kipande na kuipaka dawa. Inauma mpaka mtu anaweza kupiga ukelele wa kuamsha chuo kizima. Anapona. Alipona kwa sababu alionyesha.

Kwa hiyo mmoja hana maradhi na kafungiwa mnarani, na mwengine anayo na kakaa mezani kavaa glavu. Sasa rudini kwenye siku ya posa. Upande mmoja kuna binti mwenye mbalanga, ambayo haiambukizi kwa kugusana wala kwa kula pamoja wala kwa kulala kitanda kimoja, na amewekwa chumba cha nyuma. Upande wa pili kuna kijana amepiga kanzu na koti, kofia ya mkono, marashi mpaka mlangoni, na hajapata kupima chochote. Hajapima virusi vya ukimwi. Hajui kama amebeba sikoseli, wala huyo bi harusi hajui yake, na wakibeba wote wawili kuna hatari mtoto akaja kuteseka na mifupa maisha yake yote. Hayo hayaulizwi, kuuliza ni utovu wa adabu. Tunakagua nyuso, tunaacha glavu zipite.

Dini yetu haikutufundisha hivi. Kwenye tauni Mtume (S.A.W.) ametuwekea mpaka unaoeleweka na kila mtu: ikiwa iko kwenye nchi msiingie, na ikiwa imewakuta mlipo msitoke kwa kuikimbia. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akafika pahala panaitwa Sargh na kupata habari kwamba tauni imeingia, alishauriana na watu akarudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu la Umar lilikuwa kwamba wanatoka kwenye qadari ya Allah kwenda kwenye qadari yake nyengine. Abu Ubayda alibaki Sham na watu wake, na tauni hiyo, ya Amwas, ndiyo iliyomchukua. Yeye ni miongoni mwa Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo.

Na yule Muislamu anayekufa kwa tauni amehesabiwa kuwa shahidi. Ndiyo maana tuliwaambia mlishike neno laana. Laana ya Garin ni ya watu wa kwenye vitabu, wasio na mafundisho haya. Sisi tumelitoa wapi? Mbona tukimuona mtu ana ukoma, au mtoto kazaliwa na baka, ulimi unakimbilia kuuliza mama yake alifanya nini?

Ukoma wenyewe ndio unaofanana zaidi na magamba ya kijivu. Ganzi ile, kule kujichoma vidole, ni dalili ya kweli ya ukoma: baka kwenye ngozi lisilohisi. Na tofauti yake na hadithi ni kwamba ukoma una dawa, inatolewa bure, na mgonjwa akishaianza haichukui muda mrefu anaacha kuambukiza. Anayeuficha baka lake kwa mkorogo na poda ndiye anayekuja kupoteza vidole. Na huo mkorogo, wapenzi, baadhi yake una zebaki. Tumeshasema mara nyingi hapa, hatutachoka.

Hatutaki kuficha na upande mwengine wa sheria, maana wapo watakaotwambia. Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu visiwani, wameitaja barasi, yaani mbalanga, pamoja na ukoma na wazimu, katika aibu zinazompa mume au mke hiari ya kuivunja ndoa kama aliingia bila kujua. Hilo liko. Lakini lisomeni vizuri: kilichowekwa hapo ni haki ya kujua na haki ya kuchagua. Mwenye kutaka kuoa aambiwe, aamue, na akikataa aende zake kwa adabu. Hakuna pahala palipoandikwa binti afungiwe. Kwanza kumficha ndiko kunakoiharibu ndoa hiyo, maana kilichofichwa ndicho kinachokuja kuwa hoja kesho.

Tunamjua mama atakavyojibu. Atasema nyinyi hamna binti wa hivyo, hamjui maneno ya watu. Atasema sikumfungia, nimemkinga. Wageni wa upande wa mume wangemtazama vipi mwanangu mbele ya sahani za visheti? Na wangesema nini juu ya huyu anayeolewa, kwamba watoto wake nao watatoka na mabaka? Mama, hayo ni kweli, wangesema. Mbalanga hutokea ikafuata ukoo, japo mara nyingi haifuati. Basi mshenga na alipeleke hilo kabla ya begi kuja, kwa maneno mawili matatu. Wakirudi nyuma kwa ajili ya baka la shemeji yao, wamekuonyesha mapema watakavyomtendea mwanao siku akizaa mtoto asiyewapendeza.

Na hilo la kumkinga, Selyse pia pengine angelisema. Tumelifikiria sana, na hatuoni kama alikuwa mama asiyependa. Hakukimbia vile kwenye kuni kwa mtoto asiyempenda. Aliona haya tu, na haya ilikaa pahala pa mapenzi miaka yote, mpaka ikabaki dakika moja.

Sisi nasi tuna letu. Tuliingia chumba kile kutafuta umeme. Tungeweza kusema, "Njoo ukae nasi, tukutie na wewe." Kungetokea nini? Pengine mama angekasirika na kazi tusiitwe tena. Tulipima hilo kwa haraka sana vichwani, bila hata kutazamana, tukaona feni ndiyo muhimu. Wakati wa kuondoka tulipitia kuuchukua waya. Shireen wa kwenye simu alikuwa ameshafika kwenye hema na baba yake, na msichana alikuwa ameisimamisha picha hapo hapo. Alitwambia ameshaiona mara nyingi, haendelei mbele. Huishia hapo akarudisha mwanzo, kwenye gereza, pale anapofundisha kusoma.

Kuanzia sasa tukiitwa nyumba kwa ajili ya hina tutauliza, kabla ya kufungua koni ya kwanza, wasichana wa nyumba hii ni wangapi. Wote waje sebuleni, na ndugu wa bi harusi hatuwatozi pesa. Anayeona shuruti hii ni nzito, watiaji hina wazuri wapo wengi, na baadhi yao tutawatajia namba zao wenyewe. Nyumba ile tumeshampigia simu bi harusi, ambaye yuko fungate, tukamwomba ruhusa ya kwenda kwa mdogo wake siku ya Ijumaa baada ya Alasiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema atamwambia mama yake mwenyewe. Bado hajatupigia.